Yuko Kazini

Tulimzika Tantine Ester, mama yangu mdogo, Ijumaa asubuhi, na kabla ya saa saba mchana binti yake Sifa alinishika mkono, akanipandisha ngazi za nyumba yao ya North Buffalo na kufungua mlango wa chumba cha marehemu. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kipana, shuka safi, mito miwili, na taulo mbili zilizokunjwa upande wa miguuni. "Njo hapa mutalala, weye na Furaha," akasema. "Mama alisema vile mbele ya kufa." Kisha mtu akamwita kutoka jikoni, akashuka mbio na kuniacha na begi langu mkononi. Nina miaka arobaini na sita. Ni muuguzi, naongoza zamu ya watu kumi na wawili, na hata daktari akiniletea maneno yasiyo na mpango namrudisha alikotoka. Lakini pale mlangoni nilishindwa kuvuka kizingiti kwa sababu ya mito miwili.

Furaha alikuwa chini sebuleni. Alikuja kutoka Columbus, mimi nilitoka Louisville, na pale makaburini tulionana kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na saba. Tulipeana mikono kama watu waliowahi kufanya kazi kiwanda kimoja. Niseme wazi, maana nimechoka kulizungukia neno hili: Furaha, mwanamke mwenzangu, alikuwa mpenzi wangu, tuliishi pamoja miaka mitatu, na niliamini kwamba katika ukoo wetu wote na kanisa letu lote hakuna aliyejua. Na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba tulikuwa pamoja, hakuna aliyejua kwamba tuliachana. Nilimpoteza mtu wa maisha yangu na hakuna jirani aliyeniletea hata sahani ya wali ya kunipa pole. Siwezi kumlaumu yeyote, mimi mwenyewe ndiye niliyepanga iwe hivyo.

Mwaka ule wa mwisho tulikuwa Highview, upande wa kusini wa Louisville, ghorofa ya pili, apatimenti ya vyumba viwili. Vyumba viwili vilikuwa wazo langu. Watu wetu wa Kivu, mashariki ya Kongo, hawapigi simu kwanza ndipo waje. Wanakuja tu, wanapita jikoni wanafunua sufuria, wanaingia vyumbani, na aliyechoka anajilaza kwenye kitanda chochote anachokikuta. Kwa hiyo ilibidi Furaha awe na kitanda chake. Tulinunua kitanda na godoro, nikalitandika shuka la maua, nikaweka Biblia yake juu ya mto na sandali zake chini, pua zikitazama mlango. Plastiki ya godoro hatukuitoa. Kwetu kitu kipya hakivuliwi plastiki haraka, hata makochi ya sebuleni yalikuwa bado yamevaa yao, ukikaa na kaptula wakati wa joto unanasa. Na nani angelalia lile godoro? Kila Jumamosi nilikuwa naingia mle, nalivuruga shuka kidogo na kubonyeza mto kwa ngumi ili paonekane mtu amelala. Mwanzoni Furaha alicheka hadi akashika ukuta. "Ule muzimu wa chumba ya pili ameamuka salama?" aliniuliza kila asubuhi. Baadaye akaacha kuuliza, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri amezoea.

Raha yetu yote ya mwaka ule ilikaa ndani ya dakika ishirini. Mimi nilikuwa msaidizi katika nyumba ya kulelea wazee, zamu ya asubuhi. Furaha alikuwa kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, zamu ya mchana. Gari lilikuwa moja. Nilikuwa natoka kazini na kumkuta saa tisa kasoro dakika kumi kwenye maegesho ya maduka karibu na kwetu, mbele ya dobi la mashine, pale watu wanapojifulia nguo wenyewe, na saa tisa na dakika kumi ilikuwa lazima aondoke. Alikuja na chakula kwenye ndoo ndogo ya aiskrimu iliyofungwa kwa kitenge kisipoe: wali na maharage, au sombe, kisamvu chetu, na dagaa tunaowaita ndagala, na kijiko kimoja. Tulikula kwa zamu, madirisha yakifunikwa na mvuke. Alinisimulia mashine iliyoharibika na mkubwa aliyejifanya anajua kuitengeneza, nami nilimsimulia mzee wangu mmoja aliyenichumbia kila Jumatatu na kusahau kila Jumanne. Akishaondoka na gari, natembea kwa miguu hadi nyumbani nikinukia sombe. Niliwahi kusikia watu wakieleza ndoa zao, nyumba zao, safari zao, na moyoni nikasema hamjui kitu nyinyi. Lakini mtu hajengi maisha juu ya dakika ishirini, na aliyeligundua hilo mapema ni Furaha.

Mwezi wa tatu alinifungulia mlango wa gari na sikuiona ndoo ya chakula. "Wamenipa ile kazi," akasema. "Supavaiza. Ya asubuhi, Reba. Nitakuwa natoka saa kumi, jua ikiwa bado juu." Nilimkumbatia pale pale na kumuuliza ni jengo lipi. "Ni Columbus," akasema. Nilimwambia Columbus ni mbali. "Saa tatu na kitu," akajibu. "Weye uko mbali zaidi, na tunalalaka kitanda moja." Alisema akitabasamu, nami nikachagua kulisikia tabasamu peke yake. Mwezi wa nne akahama. Kule alipanga chumba kwa mwenzake wa kazini, akanunua gari kuukuu, na kila Jumamosi alikuja Highview. Na mimi, sasa sikilizeni nilichofanya, nilianza kuchukua zamu za Jumamosi. Nilijiambia ni kwa sababu ya masomo yangu ya uuguzi, kwamba lazima wakubwa wanione najituma. Ukweli ni kwamba majirani walianza kuuliza kwa nini yule dada aliyehama anarudi kila wiki, na kazi ilikuwa jibu zuri la kila kitu. Niliona aibu kuwa na mtu anayenijia.

Siku moja kabla ya sikukuu ya uhuru wa Amerika, mwezi wa saba, alinifuata kazini kunichukua. Sikujua kwamba ameshaingia. Nilikuwa dirishani kwa mpanga zamu, mama mmoja Mrundi, ambaye alikuwa anakuna kichwa kwa kalamu. "Sikukuu nitamwandika nani?" alilalamika. "Wenzako wote wana watoto." Nikamwambia, na niliyasema kwa moyo mwepesi kabisa, "Niandike mimi. Mi sina familia." Nilipogeuka, Furaha amesimama hatua nne nyuma yangu na funguo mkononi. Alituendesha hadi kwenye maegesho yale yale ya dobi, akazima gari.

"Mi ni nani?" akauliza.

"Nini tena?"

"Umesema hauko na familia. Donc mi ni nani? Mupangaji?"

"Ulitaka nimwambie nini yule mama?"

"Ungesema hapana. Hapana tu. Watu wanasemaka hapana na hawatoe maelezo."

Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya kujitetea. Nilimwambia kwake ni rahisi, kwao hakuna mchungaji anayepiga simu hadi Buffalo kwa Tantine na ukoo mzima. Nilimwambia hajui nilivyochoka. "Najua vile umechoka," akasema. "Mi njo nakuonaka ukilala na viatu. Lakini uchovu wako wote unaleta kwangu, na nguvu yako yote unapeleka kule." Watu wawili walikuwa wanatoa nguo kwenye dobi na kuzikunja, nami niliwatazama wao ili nisimtazame yeye. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Mwezi wa kumi akapata apatimenti mtaa wa Clintonville, kaskazini ya Columbus. Alinieleza kwenye simu kama mtoto anayeeleza nguo mpya: miti mikubwa barabarani, dirisha la jikoni linaloingiza jua, nafasi ya meza ya watu wawili, na dakika kumi tu kutoka pale kuna nyumba ya wazee inayotafuta watu. "Chumba iko moja," akamalizia. Nilirudia, moja? "Moja. Sitaki tena kutandikia ule muzimu. Nataka nikule chakula ya moto na weye, kwa meza, kila siku, hadi nikuchoke." Mwenye nyumba alitaka saini za wote wawili, na alitupa hadi Jumamosi. Furaha angekuja Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tungeondoka pamoja. Nilisema ndiyo. Nataka ijulikane kwamba nilisema ndiyo, na nilimaanisha.

Jumatano ya wiki hiyo hiyo Tantine Ester akafika. Kulikuwa na harusi ya watu wa kanisa Louisville, na Tantine, mdogo wa marehemu mama yangu, alikuja na gari la waalikwa wa Buffalo na kushuka kwangu na masanduku mawili bila kuuliza. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, kazi yake ilikuwa kuosha wagonjwa majumbani, na akiingia mahali anapatazama kama anayetafuta kinachomuuma mgonjwa. Nilimpa chumba cha Furaha. Alhamisi asubuhi nilimkuta jikoni anakoroga chai ya maziwa.

"Godoro ya Furaha inalia," akasema.

"Inalia, Tantine?"

"Nikigeuka, inalia. Iko na plastiki."

"Ni mpya. Tulibadilisha juzi."

"Juzi," akasema. Akanywa chai yake polepole. "Na Furaha akikuja analalaka vizuri juu yake?"

"Anachokaka sana. Hasikii kitu."

Akaenda kuosha kikombe chake. Kazini kwangu nilikuwa nawadanganya wazee kila siku kwamba watoto wao watakuja kesho, na sijawahi kuona aibu. Asubuhi ile niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilienda kazini nikavaa glavu ya mkono mmoja tu, nikashtuliwa na mgonjwa.

Ijumaa Furaha aliingia saa moja na nusu jioni, macho mekundu kwa barabara. Tantine alikuwa amepika sombe yenye mafuta ya mawese, ndagala na bugali, na tulikaa watatu mezani. Tantine na mimi tulikuwa na lugha yetu ya milimani ambayo Furaha haijui. Tantine hakuitumia hata mara moja jioni ile, alisema Kiswahili tu, hata aliponiomba chumvi. Aliomba sala ndefu na kuwashukuria "wenye nyumba hii, wote wawili." Nikafumbua macho kabla ya amina. Tukala. Halafu akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani:

"Furaha, mi niko mu kitanda yako. Utalala wapi?"

"Mu salon, Tantine," akasema, akielekeza makochi ya sebuleni.

"Umeendesha saa tatu, bon, halafu ulale mu salon?"

Chini ya meza Furaha aliuweka mguu wake juu ya wangu na kuukandamiza, na nilielewa kabisa: sasa, Reba, sema sasa. Tantine alikuwa anangoja. Leo naapa kwamba alikuwa anangoja. Nikasimama nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyataka, nikafungua bomba nikaliacha litiririke, na niliporudi Furaha alikuwa ameshaanza kukusanya sahani.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa nimevaa koti na viatu, begi begani, Furaha ameshika funguo mlangoni. Tantine alikuwa anaosha vikombe. Simu yangu ikalia, na niliona namba ya kazini. Ningeweza kuiacha. Mtu mmoja hakuja, waliniambia, je, naweza? Nilimtazama Furaha, nikatazama mgongo wa Tantine, nikaona tutakavyotoka pamoja mbele ya macho yake, mimi na begi langu, na nitakachoulizwa Jumapili kanisani. "Naweza," nikasema kwenye simu. "Nakuja." Furaha hakupandisha sauti. Alikuwa na kalamu mfukoni mwa koti, niliiona, alikuwa amekuja na kalamu yake mwenyewe. "Bon," akasema. "Kazi njema." Nilisikia viatu vyake kwenye ngazi hadi chini, na sikutoka kumfuata. Nilifanya zamu nzima, nikaogesha watu tisa, nikacheka walipocheka. Kwa chakula cha mchana nilinunua sendwichi kwenye mashine, nikaiacha mezani bila kuifungua.

Jumapili baada ya ibada nilirudi kumsindikiza Tantine. Nikaingia chumba cha pili kukunja shuka na nikalikuta godoro tupu. Plastiki ilikuwa imetolewa yote, imekunjwa pembe kwa pembe, imewekwa juu ya kiti. Tantine alikuwa anafunga kilemba mbele ya kioo. "Nimeitoa," akasema. "Mutu hawezi kupumzika juu ya plastiki." Hayo tu. Gari la Buffalo likapiga honi, akanikumbatia, akaondoka.

Nililichukulia kama hukumu. Nilijua, kwa uhakika wa mtu mwenye hofu, kwamba amekwenda na siri yangu, kwamba simu ya mchungaji itafuata, kisha ya wajomba. Nilimwandikia Furaha asije kwanza hadi mambo yapoe. Alinijibu baada ya siku mbili: "Nimesaini peke yangu." Tuliendelea kuongea kwenye simu hadi mwisho wa mwaka, kila mara kwa ufupi zaidi, na hakuna aliyetamka neno la kuachana. Mara ya mwisho alipopiga nilikuwa kazini, nikasema nitampigia wakati wa mapumziko. Mapumziko yakafika nikalala kwenye kiti. Ile simu ya mchungaji niliyoingoja haikuja mwezi ule wala mwaka uliofuata. Nilimaliza masomo, nikapandishwa cheo, nikapandishwa tena. Na Tantine alikuwa ananipigia Jumapili mojamoja, miaka yote hiyo, na haikupita mara moja bila swali lile. "Furaha iko muzima?" Mzima, Tantine. "Nimusalimie." Yuko kazini. "Kazini tena?" Tena, Tantine. "Kazi itawamaliza nyinyi," alisema, na mimi nilikata simu haraka nikiona ananitega.

Sasa nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake na Furaha akaingia, koti mkononi. Nywele za pembeni zimekuwa nyeupe, zimempendeza, na kidoleni ana pete nyembamba. Akaitazama mito miwili. "Sifa ameniambia pia," akasema. Kisha haraka, kama anayetoa mwiba, "Niko na mutu, Reba. Mwaka ya sita hii. Ni mwalimu." Nilimwambia nafurahi, na moyo uliniuma vibaya sana, yote mawili yalikuwa kweli. Akaketi upande wa pili wa kitanda.

"Nani alikuambia kuhusu matanga?" niliuliza.

"Ni Sifa, alinipigia. Tantine alikuwa ananipigia kila Bonane, mwaka mupya ukianza."

"Alikuwa anakupigia weye?"

"Kila mwaka. Na kila mwaka: Rebeka iko wapi, nimusalimie."

"Ukamujibu nini?"

Furaha aliitazama mikono yake. "Nilimwambia uko kazini."

Nilianza kucheka, nikashika mdomo kwa sababu ya watu wa chini, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Miaka kumi na saba tumemwambia bibi yule neno moja, kila mtu kutoka mji wake, na yeye akatuamini wote wawili. Aliamini tunaishi pamoja na hatukutani. Hakuwa ananitega. Alijua tangu wiki ile, akatoa plastiki ili tulale vizuri, na alipoenda nyumbani kwake akatunyamazia na kutuhurumia. Furaha aliniwekea mkono mgongoni na kuuacha pale. Aliniuliza kama bado nalala na viatu, nikamwambia siku nyingine. Alitazama saa yake, akasema lazima aanze safari. "Tunakulaka saa moja," akasema, akisimama. "Ananingojeaka hata nichelewe." Tulikuwa tumekaa dakika ishirini, labda na kidogo.

Gari lake lilipokwisha kutoka, Sifa akapanda na sahani mbili za bugali na sombe, moja kila mkono. "Mama alikuwa anawahurumia sana," akasema akitafuta mahali pa kuziweka. "Kila mara moja iko kazini. Alisema siku mukikuja wote wawili, muwekewe kitanda, mupumzike pamoja, na mutu yeyote asiulize kitu." Akageuka huku na huku. "Na Furaha iko wapi? Chakula inapoa."

Neno lilikuwa tayari mdomoni, limezoea njia.

"Amerudi kwake," nikasema. "Kwa mke wake. Tulikuwa pamoja, Sifa, mimi na yeye, miaka mitatu, na nikamwacha aende. Ni zamani. Sikumwambia mtu."

Sifa alibaki na sahani mikononi. Kisha akaziweka zote mbili juu ya kabati la mama yake, akafunga mlango, akaja akaketi kando yangu. "Pole," akasema. "Pole sana, dada."